Mama Mkwe Amefunga Kompyuta Zetu kwa Nywila na Siwezi Kumuuliza

Bi Mwanabibi, salamu nyingi kutoka Skuta, na kabla hujanicheka naomba unisome mpaka mwisho, kwa sababu kila mtu niliyemweleza shida hii amenicheka kwanza, hata pasta wetu, na mimi nimechoka kuchekwa, kile nataka ni mtu wa kuniambia nifanye nini kabla ya Jumamosi.

Mimi ni mwanamume wa makamo, niko na bibi na watoto, nauza mbegu na dawa za mifugo hapa mjini Nyeri. Sinywi, sichezi kamari, hata mpira sifuati. Starehe yangu ni kompyuta kuukuu. Zile ambazo maofisi yanatupa, mimi nazichukua, nazifungua kwa bisibisi, napuliza vumbi, nabadilisha hiki na kile, halafu naziwekea Linux, ambayo kama huijui ni programu ya bure ya kuendesha kompyuta, imetengenezwa na watu wa dunia nzima wakisaidiana, na mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani aone inavyofanya kazi na hata kuirekebisha akitaka. Mashine ambayo watu walikuwa wanaiwekea chungu cha maua juu inaamka tena inafanya kazi, na siwezi kukueleza vile nasikia raha.

Kila Jumamosi tunakutana kwangu, kwa kile chumba cha nje, mimi na Kinyua ambaye ni kinyozi, na Hanan ambaye anashika hesabu kwa duka la vifaa vya ujenzi. Tunafungua mashine, tunakunywa chai, tunabishana. Linux ziko za aina nyingi, nyingine nyepesi, nyingine nzito zenye mapambo, na kila mtu ana yake anayoapa kwamba ndiyo bora, kwa hivyo Kinyua akisema hivi Hanan anasema vile, na mimi nasema nyinyi wote hamjui kitu, na huo ubishi Bi Mwanabibi ndio nusu ya utamu wenyewe.

Sasa akaja mama mkwe. Majina ya watu wote kwa hii barua nimebadilisha, lakini la mama silitaji kabisa, kwa sababu hata la uongo nimeshindwa kumpa. Yeye ni mama ya bibi yangu Waithira, anakaa kwake Othaya, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Baba mkwe alituacha mwaka juzi. Huyo mzee na mama walikuwa watu wa kubishana sana, wanabishana kama mvua itanyesha, wanabishana juu ya kupogoa kahawa, juu ya chumvi, mgeni akiwa kwa kiti anafikiri ni vita, kumbe ndivyo walikuwa wanaongea. Tangu tumzike mzee ile nyumba imenyamaza. Waithira na ndugu zake walikubaliana mama asisumbuliwe na kitu chochote, chenye amesema ndicho hicho.

Mama alikuja kututembelea, akasikia kelele za chumba cha nje, akaingia kuuliza hawa wanagombania nini. Hanan akamwonyesha. Jumamosi iliyofuata mama alishuka stendi na bisibisi yake mpya, bado iko ndani ya karatasi ya dukani, na tangu hiyo siku hajakosa.

Labda kwenu Majengo ni tofauti, lakini mimi vile nililelewa, mama mkwe anaheshimiwa mpaka unatoka jasho. Humkaribii sana, humpi mgongo, huvai kaptura mbele yake, na kumbishia ndiyo haiko kabisa. Na kazi ya kompyuta kuukuu karibu yote iko chini ya meza. Siku moja waya ilichomoka pale karibu na miguu yake, Hanan alikuwa hajafika, Kinyua alikuwa ameenda kununua mandazi, na mimi nikabaki nimesimama nikiangalia skrini nyeusi nikiongea mambo ya hali ya hewa mpaka Kinyua akarudi akaingia chini ya meza badala yangu. Siku nyingine mama mwenyewe akaingia chini ya meza na mimi ikabidi nitoke nje, nikanyeshewa na manyunyu hapo mlangoni mpaka Hanan akaniita ati mama ameshatoka, rudi.

Hayo yote ningevumilia. Shida ni kwamba mama anakosea, na makosa yanazidi kuwa mabaya.

Hanan ana binamu anaitwa Harun, ni mwalimu wa shule ndogo karibu na Doldol, na tuliahidi kumpa mashine tulizotengeneza ili watoto wake wajifunze. Ni mashine za zamani, memori yao ni ndogo, zinataka Linux nyepesi. Mama akasema tuweke ile nzito yenye mapambo. Nikasema ndiyo mama. Ukiiwasha unaweza kusonga ugali ukaiva kabla haijafunguka. Alipoenda nyumbani nikaiondoa polepole, nikaweka nyepesi. Jumamosi akawasha, akaangalia skrini, akaniangalia mimi, akasema, "Baba Ngendo, naona hii mashine imebadilika." Nikasema, "Ati? Labda imejibadilisha, mama, siku hizi zinajibadilisha." Akasema, "Aha." Akaweka nzito tena. Nikaondoa tena. Tumeenda hivyo wiki baada ya wiki, yeye anaweka, mimi natoa, na hakuna mtu anasema kitu.

Halafu akasema vumbi lisitolewe ndani ya mashine, ati linaipatia joto kwa sababu ya hii baridi ya Nyeri. Nikasema ndiyo mama. Mwanzoni Kinyua na Hanan walikuwa wanampinga kidogo, lakini wakiona mimi mwenye nyumba nimekubali, wananyamaza kwa adabu. Wiki iliyopita ndiyo iliniogopesha. Alishika vipande viwili vya memori, kimoja cha giga mbili na kingine cha giga nne, akasema cha mbili ndicho kikubwa. Mwalimu wa hesabu, Bi Mwanabibi. Hanan alikohoa. Mimi nikasema ndiyo mama. Akaniangalia kwa muda mrefu sana, mpaka nikaangalia chini, kisha akashusha pumzi akarudi kwa kazi yake.

Nilipomwambia Waithira alilia. Alimpigia simu kaka yake Mwai, na Mwai ameitisha mkutano wa familia Jumapili, wanasema akili ya mama imeanza kupotea, hawezi kuendelea kukaa peke yake Othaya, nyumba ifungwe, ng'ombe wauzwe, aende kukaa kwa Mwai Nanyuki. Na Mwai amesema shahidi ni mimi, kwa sababu mimi ndiye nimeyaona hayo makosa kwa macho yangu.

Kama hiyo haitoshi, siku hiyo hiyo ya memori, kabla ya kuondoka, mama aliweka nywila yake kwa mashine zote za Doldol, hakuna inayofunguka. Akafunga mkoba, akasema, "Anayetaka kuijua aniulize," na alikuwa ananiangalia mimi. Sasa Harun anakuja Jumamosi hii na lori ambalo linaleta mbuzi huku na kurudi tupu, atabeba nini? Njia ya kuzifungua bila yeye naijua, lakini kuvunja kile mama mkwe amefunga kwa mkono wake, hapana, hiyo siwezi.

Nimefikiria nimwambie stima iliunguza mashine na kikundi kimevunjika, halafu sisi tuhamie kinyozi, kwa duka la Kinyua, bila yeye kujua. Waithira anasema nikimdanganya mama yake nitahamia chumba cha nje nilale na hizo kompyuta. Nifanye nini? Nimdanganye, nivunje nywila, ama niache tu mambo yaende, mama apelekwe Nanyuki, na mimi nipate Jumamosi yangu? Hilo la mwisho nimeliandika na nimeona aibu, lakini nimeliacha.

Ni mimi,
Mkwe Aliyekwama, Skuta.

BI MWANABIBI ANAJIBU

Mkwe wa Skuta, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoniomba, kisha nikacheka. Ulinikataza kucheka kabla, baada hukunikataza. Nimecheka hasa pale uliposimama mlangoni unanyeshewa kwa sababu mama wa watu yuko chini ya meza anachomeka waya. Mwenzako alikuwa anafanya kazi, wewe ulikuwa nje unamheshimu.

Kisha nikarudi kusoma mara ya pili, na safari hii sikucheka sana.

Mimi sijui kompyuta. Yangu ya hapa ofisini nikibonyeza vibaya namwita mtu. Lakini wanawake nawajua, na wazee nawajua, na nakuambia huyo mama hajakosea hata mara moja. Hebu soma barua yako mwenyewe kama imeandikwa na jirani. Mtu mzima anatoka Othaya kila Jumamosi, anajua gari gani apande na ashuke wapi. Anaondoa programu moja na kuweka nyingine kwa mikono yake, na ukimfutia anarudia tena bila kuuliza mtu. Anafunga mashine zote kwa nywila na kutia siri yake kichwani. Halafu mtu huyo huyo, aliyefundisha watoto wa watu hesabu mpaka akastaafu, asahau kwamba nne ni kubwa kuliko mbili? Baba Ngendo, uliamini hilo kweli?

Huyo mama anakuchokoza. Alianza na kosa dogo, lile la programu nzito, akangoja umpinge. Ukasema ndiyo mama. Akaja na la vumbi, akangoja. Ndiyo mama. Mwishowe masikini akaona ajishushe mpaka kwa hesabu za darasa la kwanza, akasema hapa lazima mkwe wangu atafungua mdomo. Hukufungua. Ndiyo maana alishusha pumzi. Wewe ukadhani ni akili inapotea, kumbe ni mtu amekata tamaa nawe.

Na kwa nini afanye hivyo? Sababu uliiandika mwenyewe kisha ukaipita mbio kwenda kunieleza habari za memori. Alikaa miaka na mwanamume aliyekuwa akimpinga kuhusu mvua na chumvi. Mzee alipokufa, watu walileta sukari, walileta unga, waliimba nyimbo, wakampa pole. Lakini hakuna aliyefikiri kumpa pole kwa kukosa mtu wa kumwambia, "Hapo sasa unasema upuuzi." Wanawe wakakutana wakaamua kwamba kuanzia siku ile mama yao atakubaliwa tu. Mlidhani mnampumzisha. Mlimwacha peke yake katikati ya watu wa kuitikia.

Siku moja anakuja kwenu, anasikia kelele kwenye chumba cha nje. Watu wanabishana na wanacheka na chai iko mezani. Unadhani alinunua bisibisi kwa sababu anapenda vyuma? Alikuwa akitafuta sauti kama ile tangu mazishi. Akakaa, na wewe, mtu pekee wa familia yake mle ndani, ukaizima. Kinyua na Hanan walikuwa tayari kumpinga, adabu yako ikawafunga midomo na wao. Hilo limeniuma, nakuambia wazi.

Sasa nikukemee kidogo, maana umeomba ushauri na hii ni sehemu yake. Usinielewe vibaya kuhusu mila. Sikwambii uvae kaptura, wala utambae miguuni pa mama mkwe. Nunua waya mrefu, mambo yaishe. Lakini kumwitikia mtu mchana, halafu akishapanda gari unamfutia kazi yake, hiyo uliipata katika mila gani? Na ule uongo wa stima, na kuhamia kinyozi mkimkimbia ajuza wa watu na bisibisi yake, hata usiniandikie tena habari zake. Waithira ana haki. Akikutupa chumba cha nje mimi nitampelekea blanketi moja tu la kukupa, tena jembamba.

Mimi mwenyewe nina mkwe, jina lake Othmani, kijana mzuri, heshima tele. Tangu amwoe binti yangu, kila nikipika ni "tamu mama," nikisema jambo ni "kweli mama." Nilikuwa namwona kama mgeni wa kudumu. Idi moja nikapika biriani mkono ukanitoka, chumvi ikazidi, kila mtu akala kimya. Othmani akameza, akanywa maji, akasema, "Mama, leo chumvi imezidi." Nilimbishia mpaka chai ya jioni, na tangu siku ile ndiye mkwe ninayempigia simu nikiwa na shida ya kweli.

Basi sikiliza utakavyofanya. Nywila usiivunje. Jumamosi mkaribishe mama kama kawaida, mpe kiti kizuri, mpe chai. Akishameza funda la kwanza, mbele ya Kinyua na Hanan, si pembeni kwa kunong'ona, sema hivi: "Mama, hapana. Ile programu ni nzito kwa mashine hizi, na sababu ni hizi." Zitaje. Washa mashine moja, aone inavyovuta miguu. Mwambie na la vumbi. Mwambie na la mbili na nne, na hapo unaweza kucheka kidogo, yeye atacheka zaidi. Mwambie pia kwamba ni wewe uliyekuwa ukimfutia kazi. Analijua hilo, lakini anangoja ulitamke. Kisha umuulize nywila. Aliwaambia kabisa anayetaka amuulize, sijui ni mlango gani mwingine ulitaka akufungulie. Lori la Harun likichelewa na lichelewe, linarudi tupu, hakuna mbuzi ndani anayelalamika.

Kuna jambo moja sitakuficha. Inawezekana nimekosea mimi. Inawezekana utasema hapana, utaeleza vizuri, na mama atakuangalia asijue unazungumzia nini. Ikiwa hivyo, yeye na Waithira waende hospitali kwa upole, na mkutano wa familia uendelee. Lakini hata daktari atamuuliza maswali kwanza na kungoja majibu yake, jambo ambalo ninyi nyote, pamoja na wingi wa mapenzi yenu, hamjafanya.

Jumapili usikose huo mkutano. Mwai anasema wewe ndiye shahidi, basi kawe shahidi. Waambie ulichokiona: mwanamke mwenye akili kali akidanganywa kila Jumamosi na mkwe wake, akijua anadanganywa. Mwai atakasirika, maana ameshapanga chumba cha Nanyuki kichwani mwake. Mwache akasirike. Mtu hafungiwi nyumba yake na kuuziwa ng'ombe wake kwa sababu watoto wake wameshindwa kusema hapana. Na yeye mama awepo mkutanoni, akae katikati, naye apinge atakachotaka kupinga.

Lile la mwisho uliloandika ukaona aibu, la kupata Jumamosi yako mama akishapelekwa, nimelisoma na sitakusimanga. Uliliacha kwenye barua, hiyo inatosha. Ila ujue kwamba akienda Nanyuki kwa ushahidi wako, Jumamosi utazipata zote, na sidhani utazipenda.

Sasa nenda. Ukishasema ile "hapana," mama ataweka kikombe chini, atakaa vizuri kwenye kiti, na atakuuliza, "Kwa nini?" Usikimbilie mlangoni. Vuta kiti chako umjibu. Ataleta hoja, nawe ulete yako. Na akikushinda, maana naona atakushinda, tafadhali usikubali haraka.